Tendo Lililokwisha na Umma Usiojua: Kuchelewa kwa Ploti katika Crossroads of Twilight ya Robert Jordan

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu umejengwa zaidi juu ya kazi zilizokamilika. Riwaya huwa na ukurasa wake wa mwisho, tamthilia huwa na onyesho la mwisho, na utenzi huwa na tamati ambamo aghalabu mtunzi hulitaja jina lake na idadi ya beti alizotunga. Mhakiki huisoma kazi yote, akaainisha fani na maudhui yake, kisha akatoa uamuzi. Utaratibu huu unatatizika tunapoishika mikononi juzuu moja tu ya kazi yenye juzuu kumi na nne, nayo si ya kwanza wala si ya mwisho. Je, tuihukumu kama riwaya kamili, au kama sura moja ndefu ya riwaya kubwa zaidi?

Swali hili si la pembeni. Baadhi ya wanafunzi wetu wa uzamili husoma riwaya ndefu za kifantasia kwa hamu kubwa, kisha huziacha mlangoni wanapoingia katika semina, kana kwamba kazi hizo hazistahiki kuguswa na istilahi za taaluma. Kwa upande mwingine, wapenzi wa riwaya hizo huzitetea kwa mapenzi tu bila hoja. Pande zote mbili zinaikwepa kazi ya uhakiki.

Makala haya yanaichunguza juzuu moja ambayo imelaumiwa kuliko nyingi za aina yake: Crossroads of Twilight, juzuu ya kumi ya mfululizo wa The Wheel of Time, yaani Gurudumu la Wakati, wa mwandishi Mmarekani Robert Jordan. Lawama kuu dhidi yake, tangu ilipotoka Januari 2003, ni kwamba hakuna jambo linalotokea ndani yake. Sisi tunadai kwamba lawama hiyo imeligusa jambo la kweli, lakini imelieleza vibaya. Tatizo si kwamba matukio ni machache. Mwandishi amechagua kusimulia habari za watu ambao tukio kubwa limekwisha kutokea bila wao kujua, na uteuzi huo unafaulu pale tu ambapo kusubiri kunamgharimu mhusika kitu. Pasipo na gharama, usimulizi unabaki kuwa orodha.

Nafasi ya juzuu katika mfululizo

Robert Jordan ni jina la uandishi la James Oliver Rigney, aliyezaliwa mwaka 1948 mjini Charleston, katika jimbo la South Carolina, na ambaye alipigana katika vita vya Vietnam kabla ya kuwa mwandishi. Juzuu ya kwanza, The Eye of the World, ilitoka mwaka 1990. Zile za mwanzo zilifuatana haraka: ya pili ilitoka mwaka huohuo, ya tatu 1991, ya nne 1992. Baadaye mwendo ulipungua. A Crown of Swords ilitoka 1996, The Path of Daggers 1998, na Winter's Heart, juzuu ya tisa, ikatoka mwaka 2000. Kwa hiyo msomaji aliyeanza safari hii akiwa mwanafunzi wa shule ya upili huenda aliifikia juzuu ya kumi akiwa na watoto wake mwenyewe.

Kisa kikuu ni rahisi kukieleza. Rand al'Thor, kijana wa mashambani, ndiye Joka Aliyezaliwa Upya, ambaye imetabiriwa kwamba atapambana na Mwovu katika Vita vya Mwisho. Ulimwengu wake unaendeshwa na Nguvu yenye nusu mbili, ya kike na ya kiume. Nusu ya kiume, iitwayo saidin, ilitiwa najisi na Mwovu miaka elfu tatu na zaidi iliyopita, na tangu hapo kila mwanamume anayeitumia hushikwa na wazimu. Woga wa jamii kwa wanaume hao, mamlaka ya wanawake waitwao Aes Sedai na hata hatima ya Rand mwenyewe vimejengwa juu ya doa hilo.

Mwishoni mwa Winter's Heart, Rand na mwenzake Nynaeve wanaisafisha saidin. Ni tendo kubwa kuliko yote tangu mfululizo uanze. Msomaji alifunga kitabu akiwa na swali moja: ulimwengu utafanya nini sasa? Alisubiri miaka miwili na zaidi kupata jibu, na jibu alilopewa na juzuu ya kumi lilimchukiza.

Wakati wa hadithi na wakati wa usimulizi

Jibu lenyewe ni kwamba ulimwengu haujui. Nyuzi kadhaa za Crossroads of Twilight zinaanza kabla ya siku ile ya utakaso, zikajikokota kuelekea siku hiyo, kisha zikaivuka kidogo. Mahali mbalimbali wanawake wenye kipaji cha Nguvu wanahisi kwa mbali mkusanyiko wa nguvu ambao hawajapata kuuhisi maishani, mfano wa moto mkubwa unaowaka nyuma ya upeo wa macho. Wanasimama, wanaelekeza nyuso upande huo, na wanaogopa. Tunaliona tukio lilelile tena na tena, kutoka kambi hii na ile, na kila mara wahusika wanatamka dhana isiyo sahihi.

Mfaransa Gérard Genette, katika uchambuzi wake wa usimulizi uliochapishwa mwaka 1972, alibainisha uwezekano wa msimulizi kulisimulia mara nyingi jambo lililotokea mara moja tu. Mbinu hiyo kwa kawaida huongeza ujuzi wa msomaji: kila msimulizi mpya huleta kipande kilichokosekana. Jordan anaigeuza. Msomaji wake anajua yote tangu mwanzo, kwa kuwa amesoma juzuu ya tisa. Marudio hayamwongezei habari juu ya tendo. Yanampa habari juu ya umma, yaani namna watu wanavyolipokea jambo kubwa wasilolielewa.

Mfano bora ni kambi ya Aes Sedai waasi wanaoongozwa na Egwene al'Vere, ambao wameuzingira mji wa Tar Valon. Baraza lao linajadili maana ya nguvu ile waliyoihisi. Hawana ushahidi, ila wana hofu, na hofu hiyo inawasukuma kupiga kura ya kutafuta maafikiano na wanaume wa Mnara Mweusi, watu ambao kwa desturi walipaswa kuwawinda. Kinaya hapa ni kizito. Neema kubwa kuliko zote imesomwa kama tishio kubwa kuliko yote. Hata hivyo usomaji huo wenye makosa unawaelekeza kwenye hatua ambayo, kwa sababu wasizozijua, ndiyo sahihi. Mhakiki anayesema kwamba hakuna kinachotokea katika mjadala huu ameupima kwa mizani ya mapigano. Ukipimwa kwa mizani ya historia ya jamii ile, umebadilisha desturi ya miaka elfu tatu.

Kisima cha Liyongo

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hapaswi kuuona mpangilio huu kuwa mgeni. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa anachomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe. Anatoka nje akiwa na jeraha lake, anapiga goti karibu na kisima, anapachika mshale katika uta, na katika hali hiyo roho inamtoka. Watu wa mji hawathubutu kukaribia. Wanamwona yuko tayari kufuma, kumbe amekwisha kufa. Maji hayatekwi, mji unashikwa na kiu, mama yake anakuja kumbembeleza, na siku zinapita hadi maiti inapoanguka na ukweli ukadhihirika.

Hapa pia tendo limekwisha, nasi wasikilizaji tunalijua, lakini umma haujui. Nguvu ya sehemu hii haitokani na swali la nini kitatokea. Inatokana na masafa yaliyopo kati ya ujuzi wetu na woga wao. Mtunzi anaweza kuyarefusha masafa hayo kwa sababu moja: mji una kiu. Kila siku inayopita ina gharama inayohisiwa kooni. Ondoa kiu, na kisa cha kisimani kinakuwa picha tu ya mtu aliyepiga goti.

Hatudai kwamba Jordan aliujua utenzi huu. Hakuna sababu ya kudhani hivyo. Tunauleta kwa kuwa unatupa kipimo ambacho nadharia za taharuki zilizotungwa kwa ajili ya riwaya fupi hazikitoi. Swali la kumuuliza msimulizi anayechelewesha ni hili: kisima kiko wapi, na ni nani mwenye kiu?

Kusubiri kunakogharimu

Uzi wa Perrin Aybara unalijibu swali hilo vizuri. Mkewe, Faile, ametekwa na Waaiel wa ukoo wa Shaido tangu juzuu ya tisa. Perrin ana jeshi lakini hajui mkewe alipo, na hata angejua, maadui ni wengi mno. Kila asubuhi anafunga fundo moja katika ukanda wa ngozi kuhesabu siku za utekwa wake. Ukanda huo ndio saa ya kweli ya kitabu hiki. Wakati nyuzi nyingine zinapita juu ya siku zilezile, mafundo hayarudi nyuma.

Safari yake ya kwenda mji wa So Habor kununua nafaka ni miongoni mwa sehemu zilizolaumiwa kwa kujikokota. Tukiisoma kwa makini tunaona vinginevyo. Wakazi wa mji ule ni wachafu, wameacha kuoga, wanaangalia nyuma ya mabega yao kwa sababu wafu wao wanatembea mitaani. Nafaka ghalani imejaa fukusi, nayo inabidi ipepetwe kabla ya kupakiwa. Hakuna upanga unaochomolewa, lakini hapa ndipo Mwovu anapoonekana kuwa karibu kuliko katika mapambano mengi ya juzuu zilizotangulia. Mwisho wa dunia haujaja kwa radi. Umekuja kama wadudu katika chakula na uchovu wa watu waliokata tamaa. Jordan anayo haki ya kwenda polepole hapa, kwa kuwa anachokieleza ni uozo, na uozo hauna haraka.

Kilele cha uzi huu ni sura ya ishirini na saba. Mateka wa Shaido wameteswa lakini hawasemi. Perrin anafika, anamkata mmoja wao mkono kwa shoka lake, na anawatisha wengine kwamba wataachwa hai wakiwa vilema, waombaombe wasio na uwezo wa kujilisha. Wanasema. Perrin anaondoka, akaliacha shoka likiwa limekita katika shina la mti.

Ili kuipima sura hii lazima turudi hadi juzuu ya kwanza. Huko Perrin, mwanafunzi wa mhunzi, anamweleza Elyas, mtu wa mbwamwitu, kwamba analichukia shoka lake na anataka kulitupa. Elyas anamshauri abaki nalo maadamu analichukia, na alitupe siku atakapoacha kulichukia. Ushauri huo ulitolewa mwaka 1990. Jibu lake likaja mwaka 2003, juzuu tisa baadaye. Mwandishi hatuambii waziwazi kwamba siku hiyo imefika. Anatuonyesha tu shoka mtini na mgongo wa mtu anayeondoka. Msomaji anayekumbuka anatetemeka, kwa sababu ishara hiyo inamaanisha kwamba chuki ile imepungua wakati wa ukatili mkubwa kuliko wote aliowahi kuutenda. Maana ya namna hii haiwezi kupatikana katika riwaya ya kurasa mia mbili. Inahitaji kusubiri kwa muda mrefu, kwa mhusika na kwa msomaji, na ndiyo hoja yenye uzito zaidi tunayoweza kuitoa katika kuutetea urefu wenyewe.

Uzi wa Mat Cauthon nao unafaulu, kwa njia nyepesi zaidi. Mat anasafiri na kundi la maonyesho la Valan Luca akiwa amemteka Tuon, Binti wa Miezi Tisa, mrithi wa dola ya Seanchan, ambaye utabiri wa juzuu ya nne ulisema atamwoa. Kila siku njiani inamgharimu kitu: fedha, usalama, na uhuru wake wa kujiona mtu asiyeweza kufungwa na mwanamke. Vilevile inamgharimu msomaji urahisi wa maadili, kwa kuwa Tuon ni mcheshi, jasiri na mwenye heshima, na wakati huohuo ni mtawala anayeamini bila shaka yoyote kwamba baadhi ya wanawake wanastahili kufungwa kola kama wanyama. Mwendo wa polepole unatulazimisha kukaa naye, tumpende, kisha tukumbuke.

Kusubiri kusikogharimu

Sehemu za Elayne Trakand mjini Caemlyn ni jambo jingine. Elayne anagombea kiti cha enzi cha Andor huku mji ukiwa umezingirwa. Kwa juujuu, hapa kuna kila kitu: njaa inayoweza kuja, wasaliti, mama mtarajiwa aliye hatarini. Lakini ghala halionyeshwi likipungua kwa namna inayobadilisha uamuzi wa mtu yeyote. Majina ya koo za makabaila yanaorodheshwa, yanahesabiwa, yanaorodheshwa upya. Mavazi, vyombo vya chai na hasira ndogondogo za wajakazi vinaelezwa kwa ukamilifu uleule uliotumika kwa fukusi wa So Habor, ila bila maana ile. Mwishoni Elayne yuko karibu na pale alipoanza, kimwili na kimawazo.

Yuko atakayesema kwamba kuzingirwa ndivyo kulivyo: watu hukaa wakahesabu. Hoja hiyo haitoshi. Kusubiri kunaweza kuwa maudhui, lakini kusubiri hakuwezi kuwa fani peke yake. Katika kisima cha Liyongo tunahesabu siku kwa sababu tunahesabu kiu. Katika jumba la Elayne tunahesabu koo. Tofauti haiko katika kasi, maana So Habor nayo ni ya polepole. Iko katika swali la nani anapoteza nini.

Kasoro ya pili ni ya mizani. Rand, ambaye tendo lake ndilo kiini cha yote, anapewa nafasi ndogo sana, na ndani ya nafasi hiyo anatuma wajumbe kutafuta suluhu na Seanchan. Kumweka shujaa pembeni kunaafikiana na dhamira tuliyoieleza: umma umeachwa peke yake na uvumi. Lakini mwandishi hakuwa tayari kulifuata wazo hilo hadi mwisho. Angelifuata, angetupeleka kwa wanaume wa kawaida waliotumia saidin yenye doa na ambao sasa hawaugui tena, tuone wanavyojitambua. Anatudokezea tu. Wenye kiu hasa katika hadithi hii, wale ambao maisha yao yamebadilishwa na utakaso, ndio ambao hatukai nao.

Inafaa kulinganisha na njia ya George R. R. Martin, aliyekabiliwa na tatizo lilelile la nyuzi nyingi. Katika A Feast for Crows ya mwaka 2005 aliwagawa wahusika kwa mahali, akaliacha kundi zima la wengine kwa ajili ya A Dance with Dragons, iliyotoka 2011. Martin aligawa ramani. Jordan aligawa siku. Mgawanyo wa Martin unamnyima msomaji wahusika anaowapenda. Mgawanyo wa Jordan unampa karibu wote, lakini unamnyima kesho. Wasomaji wengi waliona unyimaji huu wa pili kuwa mzito zaidi.

Wasomaji wawili

Uamuzi wowote juu ya juzuu hii sharti umtaje msomaji wake. Msomaji wa mwaka 2003 alikuwa amesubiri tangu 2000, na akifunga ukurasa wa mwisho alijua atasubiri tena. Juzuu ya kumi na moja, Knife of Dreams, ilitoka 2005. Msomaji wa leo humaliza juzuu ya kumi jioni na kuifungua ya kumi na moja usiku huohuo. Kwa wa kwanza, kukamatwa kwa Egwene mwishoni mwa sura ya thelathini, baada ya kuugeuza mnyororo wa bandari ya Tar Valon kuwa kitu kisichovunjika, kulikuwa mlango uliofungwa usoni pake. Kwa wa pili ni mlango ulio wazi wa mojawapo ya sehemu bora za mfululizo mzima. Hali kadhalika kwa hatima: wajumbe wanarudi kumwambia Rand kwamba Seanchan wanataka akutane na Binti wa Miezi Tisa, ilhali sisi tunajua kwamba binti huyo yuko barabarani na Mat. Kinaya hicho ni kitamu usiku mmoja. Kwa miaka miwili ni adhabu.

Hata hivyo mhakiki asiache urahisi wa msomaji wa leo umsamehe mwandishi kila kitu. Sura za Elayne hazikupata kiu mpya kwa sababu tu kitabu kinachofuata kiko mezani.

Hitimisho

Jordan alifariki Septemba 2007 kabla ya kumaliza kazi yake. Mjane wake, Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wake, alimteua Brandon Sanderson aikamilishe kwa kutumia maandishi na maelezo yaliyoachwa. Juzuu tatu za mwisho zilitoka 2009, 2010 na Januari 2013. Ukweli huu unaipa juzuu ya kumi uzito ambao haikuwa nao ilipotoka. Mwandishi anayechelewesha hukopa muda, wake na wa msomaji, na hana hakika ya kuulipa. Hatusemi hivi kumlaumu marehemu. Tunasema kwamba katika kazi ya namna hii kila sura ni deni, na mhakiki ana wajibu wa kutenganisha madeni yaliyolipwa na yale yasiyoweza kulipika.

Kwa kipimo hicho, Crossroads of Twilight ni juzuu yenye wazo kubwa lililotekelezwa nusu. Pale ambapo mafundo ya ukanda wa Perrin yanahesabu gharama, ucheleweshaji unazaa maana ambayo ploti ya haraka isingeweza kuizaa. Pale ambapo hakuna anayepoteza, unazaa kurasa. Kwa mwanafunzi wa uzamili anayeficha riwaya hizi nje ya mlango wa semina, rai yetu ni kwamba aingie nazo, lakini aingie pia na Kijumwa. Katika tendi zetu mna watunzi waliojua ni siku ngapi mji unaweza kumtazama mtu aliyekufa huku ukiamini yu hai, na walijua pia wakati wa kumwacha aanguke.